Meltdown: kitu kimeshazimwa na bado kinajichoma

Siku hizi neno meltdown linapachikwa kila mahali. Timu ikipigwa goli tano ni meltdown, seva zikilala masaa mawili ni meltdown, hisa zikishuka, mwanasiasa akipaniki mbele ya kamera, mtoto akijitupa chini akalia, yote meltdown. Ukimuuliza mtu anamaanisha nini atakwambia si mambo yameharibika kabisa, yameenda chali. Sawa, hajakosea sana, ila kuna kitu cha maana kimeachwa nje. Kiingereza kina misemo kibao ya kusema kitu kimekufa, lakini huu watu wameuchukua kwenye vinu vya nyuklia na kule unaeleza aina moja tu ya kufa, aina ambayo ukiielewa unajua kabisa ufanye nini na usifanye nini. Kwa hiyo tuanze na kinu chenyewe taratibu, halafu tuje kwenye pesa, mitandao na watu.

Kazi ya kinu cha nyuklia ni kuchemsha maji, basi. Ndani kuna fimbo ndefu nyembamba za metali inaitwa zirkoni zimejazwa vidonge vya urani, atomi za urani zinapasuka, joto linatoka, maji yanapita katikati ya fimbo yanalibeba, mvuke unazungusha mitambo na umeme unapatikana. Ukitaka kuzima unaingiza fimbo zingine za kudhibiti, kupasuka kunakata ndani ya sekunde chache tu. Wengi wanadhani hapo kazi imeisha. Haijaisha hata kidogo, kwa sababu atomi zikishapasuka zinaacha vipande, na vile vipande vyenyewe vina mionzi, vinaendelea kuoza, na huko kuoza kunatoa joto ambalo hakuna swichi ya kulizima. Tuelewane hapa maana ndo kiini cha makala nzima: siyo kama pasi uliyoichomoa ukutani ambayo ina moto wa zamani tu unaopoa, hapa joto jipya linatengenezwa kila sekunde ingawa kinu kimezimwa. Muda ule ule wa kuzima, joto hilo ni kama asilimia 6 ya nguvu nzima ya kinu, baada ya saa moja limeshuka mpaka asilimia 1 na kitu, baada ya siku ni kama nusu asilimia. Unaweza kusema ni kidogo. Lakini kinu kikubwa kinatoa megawati 2,700 au 3,000 za joto, asilimia 6 ya hapo ni zaidi ya megawati 150, kwenye kitu ambacho mtu anakwambia kimezimwa! Ndo maana maji lazima yaendelee kupita, masaa, siku, wiki, miezi.

Sasa maji yakikata inakuwaje. Yaliyomo yanachemka yanaisha, fimbo zinabaki wazi, joto linapanda, na likishafika kama nyuzi 1,200 zirkoni inaanza kushambuliana na mvuke, na mchakato huo wenyewe unatoa joto lingine juu ya lile la mwanzo pamoja na gesi ya hidrojeni ambayo inalipuka. Kuanzia hapo joto linazaa joto. Oksidi ya urani inayeyuka kwenye nyuzi 2,800 hivi, kila kilichokuwa kimesimama kinaporomoka na kuyeyukia chini ya chombo. Hiyo ndo meltdown yenyewe. Hakuna bomu hapo, na wala si lazima mtambo uwe umevunjika tangu mwanzo, ni kwamba joto linaendelea kuja na mlango wa kutokea umefungwa.

Tukio lililolifanya neno hili lijulikane duniani ni la Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, Marekani, tarehe 28 Machi 1979, saa kumi alfajiri. Na naomba tulitazame kwa karibu kwa sababu lina funzo kubwa kuliko watu wanavyolisimulia. Pampu za maji upande wa pili wa mtambo zilisimama, kinu kikajizima chenyewe ndani ya sekunde chache kama kilivyotengenezwa kufanya, presha ikapanda, valvu ya juu ikafunguka kuipunguza, mpaka hapo kila kitu kiko sawa kabisa. Shida ikaja pale valvu ilipotakiwa kujifunga, ikakwama wazi, na maji ya kupoozea yakawa yanatoka kupitia pale pale.

Kwenye chumba cha kontroli kulikuwa na taa ndogo ya ile valvu. Taa ikazima. Wahudumu wakasoma kwamba valvu imefungwa, na mtu yeyote angesoma hivyo, lakini taa ile haikuunganishwa na valvu yenyewe, iliunganishwa na umeme wa kuiamrisha. Yaani ilikuwa inasema amri ya kufunga imetumwa, haikuwa inasema imetekelezwa. Wakati huohuo zaidi ya alamu 100 zinalia kwa mpigo, na kipimo kimoja kinaonyesha maji yanapanda (kumbe ni mvuke unayasukuma), kwa hiyo wakaogopa maji yamezidi na kwa mikono yao wenyewe wakapunguza pampu za dharura ambazo zilikuwa zimeshajiwasha kuokoa jahazi. Masaa mawili na dakika kama 20 yakapita hivyo. Aliyegundua ni mtu aliyeingia zamu akiwa na akili mpya, akaangalia vipimo vile vile wenzake walivyokuwa wanaviangalia, akasema hebu fungeni valvu ya nyuma yake, wakaifunga, maji yakaacha kutoka. Lakini wamechelewa, nusu ya kiini cha kinu kilikuwa kwenye njia ya kuyeyuka, na kama tani 20 zilikuja kushuka mpaka chini ya chombo cha chuma. Chombo kikastahimili. Mionzi iliyotoka nje ilikuwa kidogo na hakuna aliyekufa pale. Na ukubwa wa kilichotokea ndani ulikuja kujulikana miaka ya 1980 walipoweza kuingiza kamera, maana kabla ya hapo wengi walikuwa hawaamini kama kiini kimeyeyuka kiasi hicho.

Kwa hiyo kwenye meltdown ya kwanza kubwa ya umeme wa kibiashara, mashine ilijizima vizuri, joto likaendelea, njia ya kulitoa ikapotea, na watu waliokuwa pale walikuwa wanasoma taa inayowaambia amri badala ya hali halisi. Hilo la mwisho nitalirudia tena na tena kwa sababu linajirudia kila mahali.

Chernobyl, kule Ukraine enzi za Muungano wa Kisovieti, watu wanaitaja kama mfano mkuu wa meltdown lakini kwa kweli ilianza na kitu kingine. Tarehe 26 Aprili 1986, kinu namba 4 kilipanda nguvu ghafla bila kudhibitika ndani ya sekunde, kikalipuka, paa likaruka, na kuyeyuka kukaja baadaye kama matokeo. Ile ni nguvu iliyokimbia. Ukitaka meltdown safi, ya kwenye kitabu, nenda Fukushima.

Fukushima Daiichi, Japani, 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 mchana tetemeko kubwa sana linapiga. Vinu vitatu vilivyokuwa vinafanya kazi vinajizima vyote. Umeme wa gridi umekatika, jenereta za dizeli zinawaka, pampu zinaendelea. Mpaka hapo ni ushindi. Kabla saa moja haijaisha tsunami inakuja, mita 14 hivi, inapita juu ya ukuta, na jenereta nyingi pamoja na maboksi ya umeme yalikuwa chini, ghorofa za chini kabisa, maji yakayazamisha. Gizani, bila vipimo, wafanyakazi wakaenda kwenye maegesho wakang'oa betri za magari wakaziunganisha kwenye mita za chumba cha kontroli ili angalau wajue maji ndani ya kinu yako wapi. Nikifikiria watu wale najisikia kuwaheshimu sana. Na hata walipopata mita ya kinu namba 1 ikawadanganya, ilionyesha maji bado yako juu ya fimbo wakati yameshashuka chini yake. Hidrojeni ikalipua jengo la kinu namba 1 tarehe 12, la namba 3 tarehe 14, na la namba 4 tarehe 15 ingawa namba 4 kilikuwa kimezimwa kwa ukaguzi tangu kabla, gesi ilitoka kwa jirani ikapitia kwenye mabomba ya pamoja. Vinu vitatu vikayeyuka, watu zaidi ya 150,000 wakaondoka majumbani kwao.

Hapa ndo neno lenyewe linakuwa sehemu ya habari. Wajapani wanalo hili neno la Kiingereza, wameshalifanya lao na kila mtu analielewa. Tarehe 12 Machi msemaji wa idara ya serikali inayosimamia usalama wa nyuklia alisema wazi kwamba huenda kiini kinayeyuka, muda si mrefu akabadilishwa akaja mwingine. Kampuni iliyomiliki mtambo, TEPCO, yenyewe ikashikilia kusema viini vimeharibika, ikakwepa kusema vimeyeyuka, mpaka Mei 2011 ndo ikakubali. Miaka mitano baadaye, Februari 2016, wakatoa taarifa kwamba kitabu chao wenyewe cha dharura kiliweka kikomo: uharibifu wa kiini ukizidi asilimia 5, hiyo ni meltdown, tangaza. Makadirio yao ya siku zile za kwanza yalikuwa asilimia 55 kwa kinu namba 1 na 30 hivi kwa namba 3. Kwa hiyo wangeweza kutangaza tarehe 14 Machi. Juni mwaka huohuo ripoti ya uchunguzi ikasema rais wa kampuni wa wakati ule, Masataka Shimizu, aliagiza neno lisitumike, na rais aliyekuwepo 2016, Naomi Hirose, akaomba radhi akakiri kwamba ule ulikuwa ufichaji.

Wengine wanatetea kwamba walitaka kuzuia taharuki. Mimi sikubali hata kidogo. Neno kwenye kitabu cha dharura siyo maneno ya kutisha watu, ni kipimo kama kipimo kingine chochote, limewekewa namba ili ikifika hapo kila mtu kuanzia fundi mpaka mama aliyebeba mtoto kijiji cha jirani ajue tuko hatua gani. Ukilizuia neno umefanya kitu kile kile ilichofanya ile taa ya Three Mile Island, umewapa watu ishara ambayo haijaunganishwa na hali halisi, na wanaamua mambo ya maisha yao kwa kuiangalia hiyo.

Haya, tutoke kwenye vinu. Tarehe 19 Oktoba 1987 soko la hisa la Marekani lilianguka kwa siku moja, fahirisi ya Dow (kipimo cha bei za hisa za makampuni 30 makubwa) ilipoteza pointi 508, yaani asilimia 22.6, na mwenyekiti wa soko la New York, John Phelan, akasema hicho ndo kitu kilicho karibu zaidi na meltdown ambacho angependa kukiona. Angalia alivyopima maneno, alisema karibu. Na alikuwa sahihi, kwa sababu benki kuu iliahidi kumwaga pesa kwa anayehitaji, mfumo ukaendelea kupumua, na ndani ya miaka kama miwili bei zilirudi zilipokuwa. Lilikuwa anguko kubwa, la kutisha, lakini joto lilipata pa kutokea.

2008 sasa ni habari nyingine, na mfano unaonyooka kabisa ni wa AIG, kampuni kubwa ya bima. Walikuwa wanauza kitu kama bima kwa mabenki, kwamba mikopo ya nyumba iliyofungwa pamoja na kuuzwa kwa wawekezaji isipolipwa, AIG italipa. Cha kushangaza ni kwamba kuandika bima mpya za mikopo ile hatarishi walishaacha kabla 2006 haijaisha, yaani walizima kinu miaka miwili kabla ya balaa! Lakini zile za zamani zilikuwepo, na mikataba ilisema thamani ya mikopo ikishuka au hadhi ya AIG ikishushwa na wale wakadiriaji wa madeni, AIG inatakiwa iweke pesa taslimu mezani kama dhamana. Thamani ikashuka, wakadaiwa, wakalipa, wakaonekana dhaifu, tarehe 15 Septemba 2008, siku ile ile benki kubwa ya uwekezaji ya Lehman Brothers inafilisika, hadhi yao ikashushwa, wakadaiwa zaidi. Kila dola wanayotoa inasababisha wadaiwe nyingine. Ni zirkoni na mvuke kabisa. Kesho yake benki kuu ya Marekani ikawapa mkopo wa dola bilioni 85, na ahadi za msaada kwa jumla zilikuja kufika kama bilioni 182. Ukiuliza mbona kampuni iliyoacha biashara mbaya mapema bado ilizama nayo, jibu ni hilo joto la mabaki, kuacha hakuondoi kilichokwisha tengenezwa.

Intaneti nayo ilishawahi kupata yake mapema sana, Oktoba 1986, na hii naipenda kwa sababu dawa yake inafundisha. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha California pale Berkeley, umbali wa mita 400 hazifiki, spidi ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde mpaka biti 40. Siyo 40,000, ni 40 tupu. Hakuna waya uliokatika. Kilichokuwa kinatokea ni kwamba kompyuta ikituma kifurushi cha data na isipate jibu haraka inadhani kimepotea, inakituma tena, kumbe cha kwanza bado kiko kwenye foleni, sasa foleni ina viwili, inazidi kuwa ndefu, majibu yanazidi kuchelewa, kila kompyuta inazidi kurudia. Mtandao umejaa shughuli na hakuna kinachofika. Van Jacobson wa ile maabara na mwenzake Mike Karels wa pale chuoni wakatengeneza dawa, na haikuwa kuongeza waya. Walizifundisha kompyuta kwamba zikiona jibu limechelewa zipunguze kasi zenyewe, zianze upya na vifurushi vichache, ziongeze taratibu zikiona njia iko wazi. Mpaka leo simu yako inapofungua video inafanya kitu cha ukoo huo huo. Na ndo maana huduma fulani ikilala halafu ikafufuka, mara nyingi inalala tena dakika hiyohiyo, kwa sababu mamilioni ya simu zilikuwa zinagonga mlango muda wote na zote zinaingia kwa mpigo, na mafundi wanaojua kazi wanafungua mlango kidogokidogo hata kama mabosi wanapiga kelele wafungue wote.

Kwa hiyo ukitaka kutumia hili neno kwa haki yake jiulize: chanzo kikizimwa sasa hivi, tatizo linaisha au linaendelea kukua lenyewe? Timu iliyopigwa tano, refa akipuliza filimbi yameisha, huo ni usiku mbaya tu. Seva iliyozimika kwa sababu mtu kachomoa waya, rudisha waya. Lakini kama umeshazima na bado inapanda, basi acha kwanza kutafuta aliyekosea, hiyo kazi itafanyika baadaye, tafuta joto linatokea wapi na ulitoe, na hakikisha kipimo unachokiangalia kinapima kitu chenyewe.

Imebaki sehemu moja ambapo neno hili linatumika vibaya na watu wanaumia, nayo ni kwa watoto na watu wazima wenye usonji (autism). Kwao meltdown ni jina la hali maalumu, na watu wanaichanganya na mtoto anayelia kwa sababu kanyimwa kitu. Mtoto wa kudeka analia na jicho moja linakuangalia kama umelegea, ukimpa anachotaka kilio kinakata. Mwenye meltdown hataki kitu chochote kutoka kwako, amezidiwa na sauti, mwanga, watu, mabadiliko ya ratiba, vimejikusanya pengine tangu asubuhi, na hata ukizima kile kelele cha mwisho kilichomlipua bado kilio kinaendelea kwa sababu mzigo wote uko ndani yake na hana pa kuutoa. Kumfokea au kumchapa ni kuongeza joto. Kumpa pipi ili anyamaze hakusaidii maana hakuomba pipi. Kinachosaidia ni kupunguza vinavyoingia: mtoe kwenye watu, punguza mwanga, zima redio, ongea kidogo na kwa sauti ya chini, usimshike kama hapendi kushikwa, hakikisha tu haumii, halafu mpe muda. Na akishanyamaza usianze papo hapo kumhoji imekuwaje na kwa nini, au kumrudisha kwenye ile kelele kwa sababu anaonekana ametulia, muache hata saa moja au zaidi kama anahitaji, kwa nje amenyamaza ila ndani bado anapoa.